Adabu ya Mkono na Macho Mbele ya Ubao wa Sataranji



Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, muda mfupi baada ya sala ya Isha, tulisikia hodi mlangoni kwetu. Walikuwa ni mume na mke tunaowajua kwa miaka mingi. Mume ni mzaliwa wa Mombasa, anauza nguo katika soko la Gikomba. Mke asili yake ni Lamu. Nao wanaishi Umoja, katika mitaa ile ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, ambako nasi Mwenyezi Mungu ametujaalia kusomesha madrasa. Walifuatana na binti yao wa miaka 15, mwanafunzi wetu tangu alipokuwa katika alifu kwa kijiti. Macho ya binti yalikuwa mekundu kwa kulia. Baba hakungoja kahawa. Alisema kwamba mchezo umekwisha, na kwamba amekuja tumsaidie kumwambia mtoto hivyo hivyo. Mama naye alikuwa na lake, ila alimwacha mumewe amalize.

Mchezo wenyewe ni sataranji, ambao watoto wa leo huuita chesi. Msomaji wa Malindi au Mombasa aliyezoea kuwaona wazee barazani wakicheza bao na dhumna, wakitaniana na kuchekana mpaka Magharibi, huenda asijue jinsi mchezo huu wa kimya ulivyoenea Nairobi. Zamani tuliuhesabu kuwa ni mchezo wa shule za wenye nacho. Leo walimu wa kujitolea wanaufundisha hata Mukuru na Mathare, kwa ubao wa plastiki unaokunjwa kama mkeka na kete za bei nafuu, na si ajabu siku ya Jumamosi kukuta ukumbi wa mtaa umejaa watoto wameinama juu ya mbao, na pasisikike ila mlio wa kete na wa saa. Binti huyu aliuanza shuleni. Mama yake alitueleza kwamba tangu hapo hesabu zimempanda, na simu, ambayo ilikuwa haimtoki mkononi, sasa inasahauliwa juu ya kabati.

Kawaida ya mchezo ni kuwa, kabla saa haijaanza kuhesabu, wachezaji wawili hutazamana usoni na kupeana mkono. Mchezo ukimalizika hupeana tena. Na mara nyingi mkono huo wa mwisho ndio tamko lenyewe la kusalimu amri: aliyezidiwa husimamisha saa, akanyoosha mkono, na hapo kila mtu ukumbini akajua nani kashinda. Mkono, basi, si pambo la mchezo. Anayeunyima bila ya neno ni kama aliyeitikia salamu kwa kugeuza uso.

Siku ile binti alicheza raundi mbili na wasichana wenzake, akapeana nao mkono, akashinda zote mbili. Katika raundi ya tatu alipangiwa mvulana wa umri kama wake. Mvulana alisimama, akanyoosha mkono. Binti akaweka mikono yake mapajani, akainamisha macho, asiseme neno. Mkono wa mvulana ukabaki hewani. Watoto wa meza ya jirani wakacheka. Mvulana akaketi, akaita mwamuzi, na mwamuzi, kijana ambaye bila shaka hakuwahi kukutana na jambo hilo, akamwambia binti achague: ampe mwenzake mkono au ahesabiwe ameshindwa. Binti akautoa mkono huku machozi yanamtiririka. Alifungwa haraka, akaondoka ukumbini na raundi mbili hazijachezwa.

“Sheikh,” alisema baba, “wewe mwenyewe ndiye uliyemfunza kuwa hapeani mkono na mwanamume asiye mahram yake. Amefanya ulivyomfunza, akachekwa, kisha akalazimishwa. Mahali pa namna hiyo mwanangu harudi.”

Mama akasema, “Sheikh, nisamehe kwa kusema mbele yenu. Ni kweli ulimfunza asitoe mkono. Lakini ulimfunza atoe nini badala yake?”

Tulinyamaza, na kwa kweli hatukuwa na la kujibu. Tulikumbuka siku ambayo binti alituuliza suala hilo. Darasa lilikuwa limekwisha, tunafunga vitabu, tunawahi mahali. Tukamjibu kwa sentensi moja, tukashika njia. Jibu letu lilikuwa sahihi, na lilikuwa nusu. Mtoto akaenda nalo hilo nusu mbele ya watu.

Tuanze na hukumu, ili isije ikadhaniwa tunailegeza. Sisi wa mwambao ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii (R.A.), na katika madhehebu yetu mwanamume na mwanamke walio ajnabi hawapeani mkono. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba mkono wa Mtume (S.A.W.) haukupata kugusa mkono wa mwanamke wa kando alipokuwa akipokea kiapo cha utiifu cha wanawake. Zaidi ya hayo, kwetu sisi ngozi ikigusana na ngozi bila ya kizuizi, udhu umetenguka. Hili si jambo dogo kwa mchezaji. Mashindano huanza asubuhi na kumalizika jioni, Adhuhuri na Alasiri zimo ndani yake, na kumbi nyingi za mitaa yetu zina bomba moja, nalo siku nyingine halitoi kitu. Wapo wanazuoni wa zama zetu, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliyefariki mwaka 2022, walioona nafasi kwa mtu aliyenyooshewa mkono, pasipo matamanio wala hofu ya fitina. Hatuifuati rai hiyo, wala hatumwiti aifuataye mpotovu.

Ama sataranji yenyewe, Imam Shafii aliihesabu kuwa ni makuruhu, si haramu, na Imam Nawawi akabainisha kwamba huingia uharamu inapompitishia mtu sala au inapochezwa kwa dau. Madhehebu mengine yamekuwa makali zaidi. Suala la ada za kuingilia na zawadi za fedha ni refu, tunaliweka kwa ajili ya toleo jingine, inshaallah.

Turudi kwenye ile habari ya kiapo, kwani ndani yake mna jambo ambalo sisi wenyewe tulilipita mbio. Mtume (S.A.W.) hakuwapa wanawake wale mkono, lakini hakuwaacha mikono mitupu. Aliwapokea kwa maneno, akawaambia kuwa amekipokea kiapo chao. Palipokosekana mkono palikuwa na neno, tena neno lililo wazi. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tunaposalimiwa turudishe salamu iliyo bora zaidi au mfano wake. Binti yetu alisalimiwa kwa desturi ya mji, akarudisha kimya. Kosa hilo halikuwa lake.

Bibi zetu walilijua hili bila ya kufundishwa na mtu. Mgeni mwanamume alipopiga hodi katika nyumba za Lamu au Mji wa Kale, bwana wa nyumba hayupo, bibi alijibu kutoka nyuma ya mlango. Aliuliza hali, akauliza watoto, akauliza safari, akatuma maji au kahawa kwa mkono wa mtoto. Mgeni aliondoka hajaona uso wala hajagusa kidole, na bado akasifu ukarimu wa nyumba ile kutwa nzima. Sauti ilifanya kazi yote. Watoto wetu waliozaliwa katika nyumba za ghorofa za Umoja na Donholm tumewarithisha mlango uliofungwa, tukasahau kuwarithisha ile sauti.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu kwenda kumtafuta yule mvulana. Tukiri kwamba tulikwenda na nasaha mdomoni, tukimdhania kijana asiye na staha, aliyemwaibisha binti wa watu. Tulimkuta ukumbini pamoja na mama yake, watu wa Dandora, wapole kabisa. Tulipomwuliza kwa nini alimwita mwamuzi, alitazama chini kwanza. Kisha akasema, “Mzee, mimi nilidhani ananiona mchafu.”

Msomaji asiyeijua Nairobi ajue kwamba Dandora ndiko liliko jaa kuu la taka la jiji. Watoto wa mtaa ule husikia mizaha kuhusu harufu tangu darasa la kwanza, shuleni na ndani ya matatu. Kijana huyu alikuwa ameoga, amepiga pasi shati lake, amevuka mitaa mingapi kuja kucheza. Akanyoosha mkono kwa msichana aliyejistiri vizuri, mkono ukakataliwa na macho yakageuzwa. Ni nani angemweleza kuwa pale palikuwa na dini? Mama yake alituambia usiku ule alikataa kula. Nasaha tuliyokwenda nayo tulirudi nayo nyumbani haikufunguliwa. Tulimwomba radhi, tukamweleza hukumu ya dini yetu, na kwamba angekuwa mwana wa mfalme angefanyiwa vile vile. Alicheka kidogo aliposikia la mwana wa mfalme.

Jambo hili halikutokea Eastlands peke yake. Mwezi wa Januari 2025, katika mji wa Wijk aan Zee, Uholanzi, ambako hufanyika mashindano ya Tata Steel, kijana Mwislamu wa Uzbekistan, Nodirbek Yakubboev, mwenye daraja la juu kabisa la wachezaji, alipangiwa kucheza na Vaishali Rameshbabu wa India, naye wa daraja hilo hilo. Bibi huyo alinyoosha mkono. Kijana akaketi bila ya kuupokea. Picha zake zilizunguka ulimwengu mzima kwa siku chache, na matusi yakafuata, mengine kwake, mengine kwa dini yake. Mchezo wenyewe alishinda Vaishali.

Wengi wetu tuliposikia tulikimbilia kumtetea, na kuhusu hukumu tulikuwa na haki. Lakini tazameni alivyofanya mwenyewe. Aliandika kwamba anawaheshimu wanawake wote na wachezaji wa India, kwamba dini yake haimruhusu kugusa wanawake wa kando, na akaeleza kuwa kwa Vaishali hakuwahi kulisema hilo kabla ya mchezo, ndipo hali ikawa ya aibu. Kwa mpinzani mwingine, Irina Bulmaga wa Romania, alikuwa amemwarifu mapema. Wakasalimiana kwa viganja vilivyounganishwa kifuani, na mchezo ukaenda zake. Kisha alimwendea Vaishali, kaka yake na mama yao wakiwepo, na maua na chokoleti, akamwomba radhi. Bibi yule akapokea kwa uso mkunjufu. Kijana hakuacha msimamo wake hata kwa shubiri moja. Alichokifidia ni kile kimya.

Na sheria za mchezo zinasemaje? Hapa ndipo tulipoona kwamba hata yule mwamuzi wetu wa mtaani alikuwa na nusu ya jibu, kama sisi tulivyokuwa na nusu yetu. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lilipitisha mwaka 2007 kwamba mchezaji asiyempa mpinzani wake mkono kabla ya mchezo, na akaendelea kukataa baada ya kuambiwa na mwamuzi, atahesabiwa ameshindwa. Lakini uamuzi huo huo uliweka pembeni njia nyingine: au amsalimie kwa namna ya kawaida kulingana na desturi za jamii yake. Kwa hivyo mkono juu ya kifua pamoja na salamu ya mdomo una mahali pake katika maandishi yao. Isipokuwa ni lazima uonekane na usikike, kwa kuwa hakuna desturi ya jamii yoyote inayosema kukaa kimya ni salamu.

Sababu ya sheria hiyo kuwa kali haikuwa dini hata kidogo. Ilikuwa ni chuki. Mwaka 1978 huko Baguio, Ufilipino, katika kugombea ubingwa wa dunia, Karpov alikataa kumpa Korchnoi mkono, na wawili hao walimaliza miezi bila ya kupatana. Mwaka 2008, katika mji ule ule wa Wijk aan Zee, Ivan Cheparinov wa Bulgaria alikataa mkono wa Mwingereza Nigel Short. Akahukumiwa kushindwa, akakata rufaa, wakarudishwa ubaoni baada ya kupeana mkono, na Short akashinda. Mwamuzi aliyesoma habari kama hizo, akiona mkono umekataliwa, anadhani yuko mbele ya ugomvi. Hajui kwamba yuko mbele ya binti wa madrasa. Atajuaje asipoambiwa?

Na wala ulimwengu wa sataranji hauwezi kudai kwamba pasipo mkono hapana mchezo. Mwaka 2020 ulipoingia ule ugonjwa, mabingwa wakubwa walikutana Yekaterinburg, Urusi, wakasalimiana kwa viwiko. Hapa Nairobi nako tangu siku zile vijana wameshikilia kugongana ngumi, wanakoita gota. Kijana mmoja wa madrasa alituuliza, kwa ujanja wote, iwapo gota linatengua udhu. Tulimjibu kwamba vifundo vya vidole navyo vina ngozi.

Tumalize habari ya mkono kwa jambo lililotutia haya zaidi ya yote. Siku mbili baada ya ugeni ule tuliwaita wavulana wawili wa madrasa yetu wanaocheza sataranji, tukawauliza wao hufanyaje wanapopangiwa wasichana. Walitazamana. Wakasema hupeana mkono, miaka miwili sasa, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Hukumu ni moja kwa mvulana na msichana, na sisi tulikuwa tumemtwika msichana peke yake. Katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho imeanza na wanaume, aya ya 30, ndipo ikaja kwa wanawake katika ile ya 31. Kina mama wanaosoma ukurasa huu wana haki ya kutuuliza sisi wanaume ni vipi mpangilio huo umetupotea.

Maadam tumeyataja macho, nayo yana maneno. Mtoto wa mwambao hulelewa kutomkodolea macho mtu mzima. Akisemeshwa na ami yake au mwalimu wake huangalia chini, na hiyo ndiyo heshima. Akiingia shule za Nairobi huambiwa, “Niangalie ninaposema nawe,” na anayeinamisha macho huulizwa anaficha nini. Watoto wetu wanaishi baina ya adabu hizi mbili kila siku, wala si haki kuwaacha wazipatanishe peke yao.

Mbele ya ubao, kwa bahati njema, adabu zote mbili zina nafasi. Wakati wa mchezo macho ni ya ubao. Kumkodolea mpinzani kumehesabiwa kuwa ni maudhi tangu zamani: Mikhail Tal, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1960, alikuwa na macho makali kiasi kwamba Pal Benko, katika mashindano ya mwaka 1959 huko Yugoslavia, alikuja amevaa miwani meusi ili kujikinga, na Tal naye akavaa miwani meusi. Korchnoi kule Baguio alivaa miwani ya kioo kwa sababu ya mtaalamu wa saikolojia wa upande wa pili, aliyekuwa akiketi katika watazamaji akimtumbulia macho saa nzima nzima. Kifungu cha 11.5 cha sheria za FIDE kinakataza kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote ile. Basi binti au mvulana aliyelelewa kutotumbua macho amekwisha kupata nusu ya adabu ya mchezo kabla ya kujifunza farasi anavyotembea.

Inabaki ile dakika ya kusalimiana. Hapo kutazama chini moja kwa moja, bila ya neno, ndiko kulikomuumiza kijana wa Dandora. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj amesema kwamba kutazama kumeruhusiwa kwa ajili ya muamala, ushahidi na kufundisha, yaani kwa kiasi cha haja. Kumtambua mtu utakayeshindana naye na kumwonyesha kuwa salamu yako inamhusu yeye ni haja. Ni mtazamo wa kitambo, kama wa mnunuzi kwa muuzaji wa dukani. Kisha macho yanarudi yaliko kete. Akiwa mpinzani ni wa jinsia yake, ampe mkono na uso mkunjufu bila ya kuhesabu, maana kukutana na mwenzako kwa uso wa bashasha ni katika mema tuliyohimizwa na Mtume (S.A.W.).

Kuna kisa kimoja cha hapa hapa Nairobi kinachohusu macho na kimya kwa pamoja, na ambacho kina mama wengi waliovaa nikabu bado wanakilipia. Mwezi wa Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya Kenya, kijana wa kiume wa miaka 25 alijiandikisha kwa jina la kike, akavaa buibui na nikabu na miwani juu yake, akaingia katika kundi la wanawake. Alishinda michezo kadhaa, hata akamshinda mchezaji aliyewahi kuwa bingwa wa taifa. Wasimamizi walisema baadaye kwamba mwanzo hawakumshuku, kwa kuwa mwanamke wa Kiislamu aliyejistiri ni mtu wa kawaida katika kumbi zao, na waliogopa kumvunjia heshima. Kilichowashtua ni viatu vyake, na kwamba hakuzungumza na yeyote, hata alipokwenda kuchukua beji yake ya jina. Mmoja wao alieleza kwamba wachezaji kwa kawaida huzungumza, kwani mchezo ni urafiki, si vita. Alipoitwa faragha akaungama, akisema shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma.

Waislamu wengi tulikasirika kwa kutumiwa vazi letu, na hasira ile ilikuwa ya haki. Sisi kilichotukaa moyoni ni jambo jingine. Heshima ile ya wasimamizi ilikuwa amana, na mdanganyifu mmoja aliila. Dada yetu wa nikabu anayeingia ukumbini leo asingojee kushukiwa. Amwendee mwamuzi mwanamke kabla ya raundi ya kwanza, amfunulie uso kando na kitambulisho mkononi, jambo ambalo ule ule mlango wa ushahidi katika Minhaj unamfungulia, kisha atoe salamu kwa sauti kwa kila atakayeketi mbele yake. Sauti ya mwanamke katika maneno ya kawaida ya heshima haikuharamishwa kwetu.

Usiku ule, baada ya maneno ya mama, tulimwomba baba atupe muda mpaka likizo ya Disemba. Alikubali, si kwa kuridhika sana. Tukakaa na binti na wale wavulana wawili, tukafanya mazoezi ambayo hatukuwahi kuyafikiria katika miaka yote ya kusomesha: jinsi ya kutotoa mkono. Mkono wa kulia kifuani mapema, kabla wa mwenzake haujanyooka, maana ukisubiri mpaka unyooke umeshachelewa. Jina la mwenzake litajwe. Kisha maneno: “Habari yako, nakutakia mchezo mwema. Dini yangu hairuhusu kupeana mkono na wavulana, naomba usiniwie vibaya.” Na mwisho wa mchezo, akishindwa, aseme wazi kwamba amesalimu amri na asimamishe saa, ili lile tamko la mkono lisipotee, kisha ampongeze mwenzake. Wavulana walicheka sana siku ya kwanza, kila mmoja akiigiza kuwa msichana wa shule fulani. Siku ya tatu waliacha kucheka.

Tuliandika pia barua fupi, mistari sita, ya kupewa mwamuzi mkuu asubuhi kabla ya raundi ya kwanza, ikitaja hukumu yetu na ule uamuzi wa mwaka 2007. Mzazi yeyote anayetaka nakala yake aombe kwa mhariri wa jarida hili.

Disemba mama alikwenda na binti ukumbini, sisi tukafika baada ya Adhuhuri. Barua ilikuwa imepokewa. Mwamuzi, si yule wa kwanza, aliisoma mara mbili, akasema lingekuwa jambo jema kama angeletewa mapema zaidi. Katika raundi ya nne binti alipangiwa kijana mgeni kutoka Kariobangi. Aliweka mkono kifuani, lakini maneno yalimkwama, na kijana akaanza kukunja uso. Meza ya pili alikuwepo yule mvulana wa Dandora, anapanga kete zake. Bila ya kuinua kichwa alimwambia mwenzake, “Huyo husalimia hivyo. Si maringo.” Kijana wa Kariobangi naye akaweka mkono kifuani, kombo kidogo, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Wakaanza.

Binti alipata pointi tatu katika tano. Jioni baba alipokuja kuwachukua hakuuliza habari za pointi. Aliuliza kama mtoto ameswali Alasiri kwa wakati. Mama akamwambia ameswali, tena kwa udhu wa Adhuhuri.